Ghorofa ya Tatu

Msimamizi wa jengo alikuwa mtu wa barua. Wenzake wangepiga simu. Yeye alipiga muhuri. Mkataba wa kampuni ya usafi alijigamba kuujua kifungu kwa kifungu, hasa kile kitamu: mteja akilalamika kwa maandishi, mfagiaji anaondolewa siku hiyo hiyo, bila maswali.

Basi wapangaji wa juu yake waliponung'unika kwamba choo chao kinanuka, hakupanda hata ngazi kwenda kutazama. Aliandika: "Mfagiaji wa ghorofa ya tatu aondolewe." Akapiga muhuri, akajisikia mwanamume.

Kesho yake alikuta ofisi yake inapigwa deki na binti asiyemjua.

"Shangazi yuko wapi?" aliuliza. Ndivyo jengo zima lilivyomwita mama aliyeisafisha ghorofa ya ofisi yake miaka sita.

"Ameondolewa, bosi. Kwa barua yako."

Ndipo alipoufungua mkataba na kuhesabu ghorofa upya. Yeye pale chini mlangoni hakupahesabu. Mkataba ulipahesabu kuwa ghorofa ya kwanza. Kwa hiyo ya tatu ilikuwa hii hii aliyokalia. Huko juu choo kilikuwa bado kinanuka.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akampigia mnyapara wa wafagiaji.

"Wala hakubisha," mnyapara alisema. "Alisema, 'Kama bosi mwenyewe ameandika, basi kuna mahali nimekosea.' Akaomba nusu saa, akasugua vyoo vyote upya, anautafuta huo uchafu."

"Mrudishe leo leo."

"Nimwambie barua ilikosewa?"

"Mwambie nimemsamehe."

Mchana Shangazi alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Asante kwa kunisamehe, mwanangu. Ila niambie, uchafu niliuacha wapi? Nisije nikarudia."

Neno lilikuwa moja tu, nimekosea, na alikuwa nalo mdomoni. Mtu mzima, tai shingoni, likamshinda.

"Chini ya sinki," alisema. "Palikuwa na doa kidogo."

"Ahaa. Macho yangu haya, uzee huu!" Alicheka kwa haya, akavaa glavu, akaenda.

Msimamizi alibaki amekodolea muhuri wake macho, anatamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma ya ukuta brashi ilianza kusugua. Ilisugua mahali pamoja, muda mrefu, kisha ikanyamaza, na Shangazi akaita:

"Mwanangu, hebu njoo unionyeshe. Bado silioni."