Nyumba ya Nane

Eufemia Barragán alipoitwa ofisini kwa shirika la nyumba pale Orosi, mji mdogo wa mashamba ya matunda, na kuambiwa jina lake limepita, hakushangilia. Aliuliza jambo moja tu.

"Mimi sina mume. Hilo mnalijua?"

"Tunalijua," dada wa shirika akamjibu. "Lakini masaa ni yale yale."

Masaa yenyewe yalikuwa thelathini kwa wiki kwa kila familia. Familia nane zilipewa viwanja nane kwenye mtaa mmoja, zijengeane nyumba zote chini ya fundi mmoja. Jasho lao ndilo lingekuwa malipo ya mwanzo, na kilichobaki ni mkopo wa riba ya kuvumilika. Tena hakuna ambaye angehamia kwake mpaka nyumba ya nane iishe. Katika kura ya viwanja, Eufemia aliangukia hiyo hiyo ya nane.

Wenye wenza waligawana masaa. Yeye alikuwa na mabinti wawili, Yaretzi wa miaka kumi na Citlali wa miaka sita, na kazi ya kuchambua mapichi ghalani tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Walikuwa wamepanga nyumba ya trela ambayo sakafu yake ilikuwa imeoza karibu na bafu, na unyevu wake ulimsumbua Citlali kifua kila baridi ilipoingia. Akatia sahihi, akawaacha watoto kwa dada yake, akaenda kujenga.

Jumamosi ya kwanza jua lilikuwa kali mpaka koleo halishikiki. Fundi Delbert, mzee mkimya aliyejengesha watu maisha yake yote, alikuwa akigawa mikanda ya vifaa. Anselmo Quiroz, dereva wa lori mwenye mwili kama kabati, akawapitia wenzake kwa macho, mmoja mmoja.

"Fundi, huyu mama yuko peke yake?"

"Yuko peke yake."

"Basi tutahamia wajukuu wetu wakishaoa."

Watu wakacheka. Eufemia alikuwa anahangaika na mkanda uliokuwa ukimteleza kiunoni. Lile neno lilimkaa rohoni.

Mwanzoni ni kweli alikuwa mzito. Misumari ilimpindikia, na kidole gumba kikawa cheusi. Wakati wa kusimamisha kuta, Anselmo alisimama nyuma yake akimtazama.

"Mama, huo msumari unaupiga au unaubembeleza?"

"Naubembeleza, Don Anselmo. Wako uliupiga, ukakukimbia. Ule pale kwenye majani."

Safari hii kicheko kilimwangukia mwingine.

Kila siku akitoka ghalani alikuja moja kwa moja na mikono inanuka matunda, akafanya kazi mpaka giza liingie. Kuna jioni alimkuta Yaretzi amelala juu ya daftari lake, akakaa kitini na viatu vyake vilivyoganda saruji, akijiuliza kama anawajengea watoto au anawakimbia. Asubuhi yake alikwenda tena.

Mwezi wa kumi na moja wakafika kwenye paa la nyumba ya kwanza. Delbert alitaka watu wanne wa kutembea juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, na kuzifunga. Anselmo alijitolea kabla hajaulizwa. Alipanda vizuri, akapiga hatua mbili, kisha akakaa. Akakumbatia mbao, uso umekuwa wa majivu.

Eufemia alikuwa upande wa pili. Misimu kumi na mmoja alichuma mapichi kabla hajaingia ghalani, mchana kutwa juu ya ngazi, mfuko mzito ukimning'inia kifuani. Huko juu kwake ni kama uani. Akavuka kenchi hadi alipokaa Anselmo, akachuchumaa.

"Siwezi kushuka," Anselmo alinong'ona.

"Utashuka. Usitazame chini, nitazame mimi. Rudisha mguu wa kulia. Hapo hapo, umeshaikanyaga ngazi."

"Wananiangalia?"

"Wote. Mkeo yuko mbele kabisa."

Anselmo akacheka bila kutaka, na kicheko hicho ndicho kilichomlegeza. Alipogusa ardhi, kabla mtu hajapata la kusema, Eufemia akaita kutoka juu, "Haya, nani ananiletea misumari? Au nije niwafuate?"

Tangu siku hiyo akawa mtu wa mapaa. Alipanda yote manane, na watu wakazoea kumsubiri yeye kabla ya kuanza. Anselmo alibaki chini akikata mbao na kumpandishia. Wiki ambayo Citlali alilazwa kwa kifua, Anselmo na mkewe walipaka rangi nyumba ya nane yote, chumba kwa chumba. Eufemia alipotaka kushukuru, Anselmo akamkatiza.

"Fundi wa paa hashiki brashi. Mtoto anaendeleaje?"

Mwezi wa tano mkaguzi akaja. Alifungua kila bomba, akawasha kila taa, akapanda kutazama paa la nyumba ya nane, akakawia huko. Familia zote zilisimama barabarani zikimsubiri.

"Hili nani kalifunga?" aliuliza aliposhuka.

Delbert akamwonyesha Eufemia kwa kidevu. Mkaguzi akamtazama yule mama mfupi mwenye mkanda wa vifaa, akatia sahihi. "Liko sawasawa."

Funguo nane zikatolewa siku moja. Wake ulipowekwa kiganjani, Eufemia alibaki akiutazama. Yaretzi akaufunga mkono wa mama yake juu ya ule ufunguo, naye Citlali tayari alikuwa anautikisa mlango.

"Fungua basi, mama," Anselmo alisema nyuma yao, sufuria ya tamale za mahindi na nyama mikononi. "Tuna njaa, na sufuria hii ni nzito."

Akafungua.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Eufemia aliinuka mezani na kikombe chake, akachungulia dirishani, akamwona Anselmo na ngazi begani.

"Fundi, mfereji wa maji kwenye paa langu umelegea. Utanipandia?"

"Nitakupandia," alisema, kisha akaketi tena, taratibu. "Lakini subiri kidogo. Nakunywa kahawa, niko kwangu."