Kichujio na Masikio ya Hidaya

Mikidadi wa Bigwa alikuwa na chumba chake, na chumba kile, jamani, hata mkewe haingii ila kwa kufagia. Ndani mna spika mbili, laptopu, kiti kimoja, na kiboksi kinachogeuza muziki wa kompyuta kuwa sauti ya kusikika. Mwezi ule akaongeza kichujio cha USB, kidude cha kuchomeka kati ya laptopu na kiboksi, eti kizuie uchafu wa umeme usiingie kwenye sauti. Wenzake waliapa kwamba sauti inatakata. Yeye hakusikia kitu, wala hakuthubutu kusema. Miaka yote amekula kwa kurekodi maulidi na harusi. Kama masikio yamekwisha, atakula nini?

Akaja rafiki yake Mansuri, fundi redio wa Mwembesongo, mtu wa maneno. "Hirizi hiyo, Mikidadi! Haya, nikufunge macho. Mimi nachomeka na kuchomoa, wewe useme kipo au hakipo."

"Nikishindwa naacha kurekodi," akasema Mikidadi, akijifanya anatania.

Wakaweka maulidi aliyorekodi Kinole ujanani, anayoyapenda kuliko yote. Mara kumi. Akapata nne. Hata kuku angebahatisha tano! Mikidadi akafungua kitambaa polepole, jasho linamtoka.

Mkewe Hidaya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. "Baba Sabra, mbona kuna kitu kinavuma nyuma ya sauti? Mara kinavuma, mara kinanyamaza."

Wakatazamana. Hidaya huyu ni muuza mafenesi. Hugonga fenesi kwa kidole, akasikiliza, akakwambia litaiva Jumanne, na Jumanne linaiva. Wakamfunga macho yeye. Kumi kwa kumi! Mansuri akachomoa chaji, laptopu ikabaki na betri yake, wakamjaribu tena.

"Sasa sawasawa," akasema Hidaya. "Mkiweka, mkitoa, hakuna kinachovuma."

"Subhanallah!" Mansuri akashika kichwa. "Kumbe uchafu unatoka kwenye chaji! Kichujio kinafanya kazi, ila kwenye betri ni pambo tu. Shemeji, hayo ni masikio au nini?"

Mikidadi aliona wivu kidogo, kisha wivu ukamtoka, akabaki kumshangaa mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akamkalisha kwenye kile kiti kimoja, yeye akaketi sakafuni. "Mama Sabra, hebu niambie. Unasikia nini humo?"

Hidaya akafumba macho. "Wanaume wanaimba. Mvua inaanza, bati lile la msikitini kwetu. Nyuma ya pazia wanawake wanaitikia, watano." Akatabasamu. "Wa tatu, mwenye sauti nyembamba, ni mimi."

Miaka ishirini na mitatu Mikidadi ameyasikiliza maulidi yale, mlango umefungwa! Akamwambia Mansuri arudishe mwanzo, akasogeza sikio hadi likagusa spika. Hidaya akamshika bega. "Bado. Bado. Haya, huyo!"

Akamsikia. Akalia bila haya mbele ya Mansuri.

"Jumamosi nina maulidi ya kurekodi," akamwambia Hidaya. "Tunakwenda wote."