Mipangilio Aliyoiacha Phenyo

Boikanyo alibaki peke yake ofisini Gaborone, na programu ya simu iliyowaonyesha wafugaji wa Ghanzi ni kisima kipi chenye maji. Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Phenyo, aliyepata kazi Cape Town, na ndiye aliyeandika mipangilio ya kuiunda programu ile.

Programu ilikuwa moja, ya simu za kila aina, lakini mipangilio yake ilikuwa msitu. Android ilikuwa na faili zake, aifoni nayo zake, na majaribio pia zake. Ukibadilisha anwani ya seva hapa ukasahau kule, toleo moja linadanganya. Safari hii lilidanganya vibaya: watu walipeleka ng'ombe kwenye kisima kikavu.

Akampigia Phenyo, nao wakaitana Mma na Rra, yaani bibi na bwana, kama ilivyo desturi ya Kitswana.

"Mma! Bado uko hapo tu?"

"Nipo, Rra. Huu mstari unaosubirisha toleo la aifoni, uliuweka wa nini?"

"Aa, sikumbuki hata kidogo. Futa."

"Lakini uliandika 'usiguse'."

"Nilikuwa nakutania! Haya, mma, naitwa kikaoni."

Simu ikakatika. Muda wote huo Boikanyo alikuwa akiuzunguka mstari ule kwa heshima, kama mtu anayetunza chumba cha msafiri. Akaufuta. Kisha akaikusanya mipangilio mingine yote kwenye faili moja, kila jambo likitajwa mahali pamoja tu. Kompyuta ikagoma, akarekebisha. Ikagoma tena, chakula cha mchana kikampita. Alasiri, kwa amri moja, matoleo yote yakatoka salama.

"Imekubali!" akapiga kelele, akageuka kutafuta mtu wa kufurahi naye. Viti vilikuwa vitupu.

Bosi wake, Rra Letsholo, alipopita, Boikanyo akamweleza.

"Kwa hiyo sasa ni rahisi?"

"Rahisi sana, Rra. Hata mgeni ataielewa upesi. Ndiyo maana nilifikiri, tukimwajiri mtu wa pili..."

"Wa pili wa nini tena, mwanangu? Si umeshairahisisha? Wewe mmoja unatosha!"

Alimsifu kwa moyo mweupe, akashuka ngazi akipiga mluzi. Boikanyo akabaki amesimama. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jioni ikaingia simu kutoka Ghanzi, mfugaji aitwaye Rra Kgosiemang.

"Mma, toleo jipya limefunguka. Kisima cha kaskazini kina maji kweli, ng'ombe wanakunywa hivi sasa. Nikasema nikwambie."

"Asante sana, Rra."

"Haya, mma. Ubaki salama."

"Na mbuzi je?" Boikanyo akawahi. "Mbuzi hawajambo?"

"Mbuzi?" Mzee akacheka. "Usiniulize habari za mbuzi, mma, tutakesha! Kuna beberu mmoja hapa, mwizi kuliko fisi..."

Boikanyo akaegemea dirisha, akamwacha asimulie.