Spika Nyuma ya Kiti cha Nyundo

Mume wangu hupiga ngoma katika bendi ya roki, ile roki nzito wanayoiita metali, ya kelele hadi vyombo kabatini vinagongana. Wenzake humwita Nyundo. Walianza wakiwa vijana wenye nywele mabegani. Leo nywele zilizobaki ni za masikioni, na koti lake la ngozi nimelipanua ubavuni kwa vipande vya mkoba wangu wa zamani. Bendi zote za rika lao zilishakufa. Wao hawajaacha.

Ndiyo maana akaja binti mmoja na kamera zake, kutengeneza filamu ya maisha yao, ya kweli, isiyo na waigizaji.

Sasa, kuna jambo tulilolijua sisi wawili tu. Nyundo hasikii tena. Si kwamba anasikia kwa shida, hasikii kabisa. Kwenye bendi hakuna aliyegundua, maana wote masikio yao ni mabovu, na penye chongo wengi kipofu hajulikani. Ukimsemesha hutazama midomo. Wakicheka, hucheka. Na anapopiga, spika kubwa ya besi hukaa nyuma ya kiti chake, karibu imguse. Ule mtetemo unampanda uti wa mgongo, na huo ndio muziki wake. Alinikataza nisiseme. Koo, mwimbaji wao na mkuu wa bendi, alishampumzisha mpiga gitaa mmoja kwa sababu ya vidole vilivyokakamaa, kwa maneno matamu na keki ya kumuaga. "Mimi usije ukanikatisha keki," Nyundo aliniambia.

Siku ya kupiga picha nilikaa pembeni, juu ya kreti, katika chumba chao cha mazoezi nyuma ya gereji. Kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka, na chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua magoti. Binti akachungulia kwenye kamera, akakunja uso.

"Hiyo spika inaharibu picha. Isogezeni kule mlangoni."

"Iache hapo, mwanangu," nikasema.

"Kwa nini, bibi?"

Wote wakanigeukia. Nyundo alishanisoma midomo, akanitolea jicho lile la kunyamazishia watoto mbele ya wageni.

"Basi tu... imezoea pale."

Koo akacheka hadi akakohoa. "Shemeji, spika imeota mizizi? Haya, Nyundo mwenyewe unasemaje?"

"Sogezeni!" akasema mzee, kwa sauti kubwa mno. "Tangu lini nyundo ikahitaji kiegemeo?"

Wakaikokota hadi mlangoni. Mgongo wake ukabaki peke yake, kama wa mtu aliyevuliwa shati.

Alianza vizuri. Alikazia macho mabega ya Koo, akayafuata yanavyopanda na kushuka. Lakini Koo akiona kamera ni kuku aliyeonyeshwa mtama. Akaifuata, akasogea, akasogea, hadi akapotelea nyuma ya taa. Mzee akafumba macho, akaendelea kwa kumbukumbu.

Wimbo ukaisha. Gitaa likanyamaza, besi ikanyamaza. Yeye akaendelea.

Mwanzoni walidhani ni mbwembwe. "Haya, Nyundo, imetosha!" Koo akaita. Akaita tena, viganja kaviweka mdomoni kama tarumbeta. Mzee anapiga tu, jasho linamtiririka, anatabasamu kama bwana harusi. Nikainuka nikamguse bega. Binti akaninyooshea kiganja bila kuondoa jicho kwenye kamera: nisiingie kwenye picha. Nikasimama papo hapo, mguu mmoja mbele. Kumwita siwezi. Kumfikia siwezi.

Koo akanigeukia taratibu. "Shemeji," akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele zake zote, "tangu lini?"

Nikaurudisha mguu wangu nyuma.

Ndipo Nyundo akapiga pigo la mwisho pale alipoamini wimbo umefika, akafumbua macho, akainua fimbo zote mbili. Akawaona wenzake wamesimama, magitaa yananing'inia, hakuna anayecheka ili naye acheke. Akanitafuta mimi.

"Vipi, mama watoto, imetoka?"

Kamera bado inarekodi. Wote wananisubiri. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba imetoka, imetoka vizuri sana. Akafurahi, akajifuta uso kwa kiwiko, akawaambia wajipange, wapige mwingine.