Picha Zenye Majina

Studioni kwetu, picha nzuri hupewa majina ya maneno. Mbovu hubaki na namba za kamera, kisha hufutwa. Kaka yangu, mpiga picha, aliandika picha_\w+, msimbo wa kuchagua picha kwa majina, kwenye sehemu ya kufutia, akasogeza kidole kwenye kitufe.

"Kaka, \w inakamata herufi na tarakimu pia. Utamfuta bibi harusi."

"Umesomea kompyuta, hujasomea harusi."

"Tazama orodha ya zitakazofutwa basi."

Akatazama. Imo picha_keki, imo picha_mama_analia. Harusi ilikuwa ya dada yetu, na nakala nyingine hatuna. Akaweka \d, ya tarakimu tu, badala ya \w, zikabaki za namba tupu.

"Nilikuwa nakupima," akasema, akijifuta jasho.

"Nimepata ngapi?"

Alikuwa akizifungua picha za mama, mojamoja, kuhakikisha bado analia.