Kamera ya Mwaka wa Sabini na Tisa

Asubuhi ya Jumatatu, baada ya kuuza mitungi miwili ya maziwa ya ngamia, Fosia aliingia Suuq Mugdi, soko la Garissa lililoezekwa likafunikwa mpaka mchana wake unafanana na magharibi, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Abdirahim. Nyuma yake alikuja mama yake, Weris, mwenye miaka sabini na moja na magoti mabovu, akinung'unika njia nzima. Fosia hakusalimia. Alikuwa na hasira tangu Alhamisi na hakuona sababu ya kuipunguza kwa ajili ya muuza kamera.

"Nionyeshe za zamani."

"Zote ni za zamani, habaryar," Abdirahim alisema, akimwita mama mdogo kwa heshima. "Unataka mwaka gani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Kila mtu Garissa anajua kwamba simu huona leo tu, na kamera ya filamu huona mwaka iliotengenezwa. Chukua kamera ya mwaka wa sitini na saba, ielekeze kwenye kituo cha mafuta, na filamu ikishaoshwa utaona ngamia wa sitini na saba wamelala penye pampu, tarehe ileile, saa ileile. Wamisionari, watalii na wachimba visima walizileta zamani kupigia picha za safari zao, wakaziacha, na kwa miaka mingi zilikuwa takataka. Kisha kamati ya uhakiki, ile inayoamua nani ni Mkenya na nani kavuka mpaka jana, ikatoa agizo: mwombaji kitambulisho anayetiliwa shaka alete filamu ya safari ya ukoo wake. Video za simu hazikubaliki. Tangu siku hiyo Abdirahim ananenepa tu.

Shida ya Fosia ilikuwa hesabu ya darasa la pili. Yeye ana miaka hamsini na nne, kazaliwa sabini na mbili. Kitambulisho cha Weris kinasema Weris kazaliwa tarehe moja Januari sitini na moja. Alhamisi ile kamati ikatoa, ikapata kumi na moja. Mtoto wa miaka kumi na moja hazai, wakasema, kwa hiyo Weris si mama yako, kwa hiyo sisi hatukujui. Weris mwenyewe alikuwa chumbani humo, kakalia kiti cha plastiki. Akawaambia kuwa yale mafuriko makubwa ya sitini na moja yalimkuta tayari anachunga mbuzi, na kwamba Fosia alimzaa yeye, kwa uchungu wa siku mbili. Wakamwambia mdomo si ushahidi, na mafuriko si cheti.

Jamani! Mtu umezaliwa, umenyonya, umechapwa, umeozwa na mama huyohuyo, halafu watu saba wenye miwani wanakwambia si wako.

Na lisingekuwa jambo la haraka kama si Idman. Idman ni binti wa pekee wa Fosia, yuko Nairobi, mimba yake ya kwanza inaingia mwezi wa nane. Kwao mwanamke akijifungua, mama yake hukaa naye siku arobaini: humpikia, humkanda, humfukizia ubani wa uunsi, humfukuza mume chumbani. Fosia mwenyewe alikaliwa na Weris siku arobaini. Lakini kutoka Garissa kwenda Nairobi ni lazima uvuke daraja la Tana, na kwenye daraja kuna kizuizi, na Fosia alikwisha kushushwa basini mara mbili. Mara ya pili askari alimrudishia kikapu chake kwa adabu.

"Mama, bila kitambulisho, huko ng'ambo ni nchi nyingine," askari huyo alimwambia.

Abdirahim alitandika kitambaa, akaweka kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya hamsini na tano, chuma kitupu, nzito, ya kutia ufunguo. "Hii kwa safari ni nzuri," alisema. "Haili betri. Ila filamu yake ikifika nusu lazima uigeuze, kivulini, na mkono usitetemeke. Nenda nayo mahali alipozaliwa ayeyo, bibi huyu, utamwona akizaliwa."

"Nitaona kitoto kichanga," Fosia alisema. "Nani atajua ni Weris? Vitoto vichanga vyote ni sura moja."

"Hilo nalo kweli. Kamati imeshazirudisha filamu nyingi za namna hiyo."

Ya pili ilikuwa ya sabini na mbili. Hapo Fosia alinyoosha mkono haraka, maana huo ndio mwaka wake, na filamu ya Weris akimzaa yeye ingemaliza ubishi wote. Weris aliigonga kamera kwa bakora.

"Wanaume saba wakae na chai yao wanitazame nikizaa? Kwenye shuka la sinema? Ukutani?"

"Hooyo, ni kwa ajili ya Idman."

"Idman ana heshima kuliko wewe. Wallahi, afadhali ukae upande huu wa mto mpaka ufe."

"Na ndani ya nyumba ya ngozi na mikeka hakuna mwanga," Abdirahim aliongeza, akitaka kusaidia. "Ingetoka nyeusi tu." Wanawake wote wawili wakamtazama kwa chuki, akaisogeza kamera hiyo pembeni.

Ikabaki ya tatu. Sabini na tisa ndio mwaka Weris alioandikishwa kitambulisho kule Hulugho, na tarehe iliandikwa nyuma ya kitambulisho chenyewe: tisa Machi. Uandikishaji ulifanyika nje, juani, mbele ya watu. Kama kosa lilifanyika, lilifanyika pale. Weris alikumbuka vizuri: meza moja, turubai moja, karani mmoja kijana, na Fosia wa miaka saba kashika gauni lake.

Fosia aliikagua kamera jinsi anavyokagua mtungi wa maziwa. Aliifungua, akainusa ndani. Harufu ya siki, ile ya filamu kuukuu, ilikuwepo, kidogo. Mahali pa betri palikuwa na kutu ya kijani, akamwamuru Abdirahim aikwangue kwa kisu, akamsimamia mpaka akamaliza. Aliinua lenzi kwenye balbu kutafuta ukungu. Akaiweka sikioni, akabonyeza: ikanguruma sawasawa, bila kukwama.

"Katriji unasukuma tu ndani, huhitaji kugeuza kitu," Abdirahim alisema. "Dakika tatu na kidogo. Ninayo moja. Ukiiharibu, usije kunililia hapa."

Fosia alivua bangili yake ya dhahabu, akaitupa juu ya kitambaa.

Tarehe nane Machi alipanda pikapu ya mizigo kupitia Masalani, kamera ikiwa ndani ya mtungi mtupu wa maziwa, imefungwa kwa kanga. Kwenye vizuizi walimuuliza kitambulisho, akawajibu anakwenda kukitafuta. Mmoja alifungua mtungi, akapigwa na harufu ya maziwa yaliyochacha, akaufunga. Walilala Masalani. Alfajiri wakaendelea, na saa mbili asubuhi alikuwa Hulugho, kasimama mbele ya shimo la taka ambapo zamani palikuwa na turubai.

Kwenye kitundu cha kuchungulia hapakuonekana ila mbuzi na mifuko ya plastiki, kama inavyotakiwa, maana kitundu ni cha leo na filamu ni ya wakati wake. Weris alikuwa amemwambia kwamba alifika mezani jua lilipokuwa utosini. Lakini Fosia hakumwamini Abdirahim, akabonyeza sekunde chache palepale asubuhi, kuhakikisha mota inavuta. Kisha akakaa juani kusubiri.

Watu wa pale hawakumpenda. Mwanamume mmoja alikuja na fimbo.

"Unatupiga picha uzipeleke wapi? Kwa wazungu? Kwa polisi?"

"Siwapigi nyinyi," Fosia alisema. "Nyinyi hamjazaliwa."

Mtu yule akalitafakari neno hilo, akaona ni kweli, akaenda zake akitukana.

Saa sita Fosia akainua kamera. Na hapo akakumbuka kitu ambacho alikwisha kukisahau kwa miaka arobaini na saba: kwamba utotoni, siku ile, akiwa kashika gauni la mama yake, alimwona mama mmoja mnene kasimama kando, kaweka kibati jichoni, kanuna. Alikuwa hamjui. Mama yule alitoa salamu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, naye akaitikia kwa kuwa alifundishwa kuitikia.

"Assalamu alaykum!" Fosia aliwaambia mbuzi, kwa nguvu, ili mtoto asikie. Akabonyeza mpaka katriji ikaisha.

Abdirahim aliiosha filamu kwenye ndoo, nyuma ya kibanda, na Alhamisi kamati ikafunga mapazia ikawasha projekta. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Kadar, karani mstaafu, mwenye ndevu za hina na kikombe chake mwenyewe cha chai. Weris alikaa mbele kabisa.

Kwenye shuka ilionekana meza chini ya turubai, asubuhi, hakuna mtu ila karani kijana mwenye suruali pana miguuni na nywele nyingi. Daftari kubwa liko wazi mbele yake. Anaandika. Haandiki majina, maana bado hakuna wa kumpa jina. Anashuka na safu ya mwaka wa kuzaliwa, kutoka juu mpaka chini, sitini na moja, sitini na moja, sitini na moja, anageuza ukurasa, anaendelea. Kitambulisho hupewa mtu wa miaka kumi na minane, na sabini na tisa ukitoa kumi na nane ni hiyo. Kisha picha ikaruka, jua likawa utosini, na foleni ya wanawake ikawa ndefu. Weris akafika mezani, mwanamke mzima, mwenye mikunjo midogo ya jua pembeni mwa macho. Karani hakuinua uso. Kitoto chenye pengo la meno ya mbele kilishika gauni la Weris, kikageuka, kikatazama moja kwa moja ndani ya chumba cha kamati, kikajibu salamu. Karani akakisogeza kwa ncha ya kalamu. Filamu ikaisha.

Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alifungua pazia.

"Huyo ni mimi," Mzee Kadar alisema. "Kumbe nilikuwa na nywele."

Fosia alikwisha kusimama. Alidhani yameisha. Alishaanza kufikiria kikapu, uunsi, basi la asubuhi.

"Filamu ni halali," Kadar aliendelea. "Kamati imemwona ofisa wa serikali akiandika mwaka kwa mkono wake. Kwa hiyo kitambulisho cha Weris hakikughushiwa. Weris amezaliwa sitini na moja. Filamu umeileta mwenyewe, mama, hatukukulazimisha."

"Ulikuwa unaandika kabla hatujafika!" Fosia alipiga kelele. "Nani alikwambia? Ulimuuliza nani?"

"Nilikuwa naiwahi kazi."

"Na yule mtoto? Yule ni mimi! Nimemshika mama yangu!"

"Mtoto anaweza kushika gauni la mtu yeyote," Kadar alisema.

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Kamera na filamu zikawekwa kwenye bahasha ya kahawia kama vielelezo. Kadar akavuta orodha ya siku hiyo ili Fosia aweke kidole gumba, na Fosia akainama juu ya karatasi. Jina lake lilikuwa la nne. Chini yake kulikuwa na majina ya watu waliokuwa bado nje kwenye benchi, wameshika filamu zao mapajani. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya kila jina, kutoka juu mpaka chini, kwa mwandiko uleule mzuri, ilikuwa imeandikwa: imekataliwa. Wino ulikuwa umeshakauka.

Weris naye alikuwa ameinama, anatazama. Hakusoma shule, lakini umbo la maneno yanayofanana alilitambua.

"Warya, we Kadar," alisema. "Hata mwandiko hukubadilisha."

"Asante, mama," Kadar akajibu, akaita wa tano.

Idman alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Aprili, siku ambayo mume wake alikuwa barabarani na lori. Alipiga simu akilia, hajui kumshika mtoto, hajui maziwa mbona hayatoki. Fosia, Garissa, aliiweka simu mkekani, akamfundisha kwa mdomo, akilia naye. Kwa siku arobaini alipika uji kila asubuhi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, akafukiza uunsi chumba kitupu, na Weris akaunywa ule uji kwa hasira ili usimwagwe. Mtoto walimwita Filsan. Alikuwa na sauti kubwa, hilo ndilo walilolijua.

Siku ya arobaini na moja Fosia aliuza maziwa yake, akaingia Suuq Mugdi.

"Nionyeshe kamera," alimwambia Abdirahim.

"Mwaka gani, habaryar?"

"Mwaka huu. Nataka mjukuu wangu siku moja asimame pale ofisini amwone Kadar akijaza ile safu."

Abdirahim alizitazama kamera zake zote, moja baada ya moja, akazigeuza kutafuta tarehe, ingawa alizijua.

"Za mwaka huu hakuna," alisema. "Waliacha kuzitengeneza."

Fosia akaokota mitungi yake mitupu akarudi nyumbani, maana simu ilikuwa inalia, Idman anapiga tena.