Mafua Yasiyo na Homa

"Funika mudomo, utachafua sufi!" Shaabani alimkemea mkewe kutoka mlangoni. Mwanvua akapiga chafya nyingine, na nyingine tena, mpaka akaegemea ukuta.

Alikuwa akishindilia sufi ndani ya godoro la bibi harusi wa hapohapo mtaani Buyenzi. Yeye hujaza, mumewe huuza sokoni. Nyuzi zile nyepesi zilimjaa nyweleni, kwenye kope, puani. Macho yalimwasha kama yametiwa pilipili. Kamasi zilikuwa maji matupu, na homa hakuwa nayo. Mwaka wa pili sasa, kila mtu akimwambia ni mafua. Shemeji alileta ndimu, jirani tangawizi. Mumewe alimwambia alale.

Asubuhi ile kifua kilikaza. Kila pumzi ilitoka na mluzi.

"Baba Rania, mi naenda zahanati kwa muganga," alimwambia mumewe.

"Juu ya mafua? Na askari wamejaa kwenye bariyeri?"

Alikwenda. Kwenye kizuizi askari walimpekua, wakamwachia. Kwenye geti la zahanati, mlinzi Télesphore alimzuia kwa rungu.

"Mama, hapa watu wanaletwa na risasi mwilini, we unaleta mafua?"

Hasira zilimpanda hadi utosini. Kwani vita ndivyo vilivyopewa kibali cha kuchagua nani augue?

"Mi sina risasi," alisema, akitafuta pumzi katikati ya maneno. "Lakini... sipumui!"

Muuguzi Léoncie aliusikia ule mluzi kutoka barazani. Alimsukuma mlinzi pembeni, akamkalisha mgonjwa, akamvutisha dawa. Kifua kilipolegea ndipo akauliza: homa ipo? Makohozi mazito? Kuna mahali chafya ziliwahi kukoma?

Mwanvua alikumbuka, akamsimulia. Mtaa ulipowaka moto wa vita, walikimbilia kwa ndugu zao kule Kajaga, wakalala mkekani na njaa na hofu. Kule hakupiga chafya hata moja. Zilimrudia siku ileile aliposhika sufi tena.

"Basi ile si mafua, mama. Mafua inakaa wiki, wiki mbili, inaisha. Mwili wako unakataa lile vumbi la sufi, ni alerji. Usilishike tena. Na kifua kikipiga mluzi, usingoje kesho."

"Mwaka wa pili wananinywesha ndimu!" Mwanvua alisema, na machozi yaliyomtoka sasa hayakuwa ya vumbi.

Nyumbani, Shaabani alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa tutakula nini?"

"Mi nitashona nguo za godoro, huku nje. Kujaza, utajaza we."

"Mi?"

Mwanvua alibeba mkeka na kitambaa hadi kibarazani, akatunga uzi. Halafu kule ndani fimbo ikaanza kupiga sufi, taratibu, kwa mkono usioizoea kazi hiyo. Vumbi jeupe likatoka mlangoni, likaelea kuelekea barabarani.

Mwanvua aliinuka, akauvuta mlango vumbi lisimfikie, akaufunga kwa nje. Kisha akaketi kushona.